Midomo Minne, Kisima Kimoja: Maswali Yenu Kuhusu Magrupu na Kuaminiana

Wapendwa wasomaji, meseji za mwezi huu nimezisoma zote na karibu zote zimeangukia sehemu moja, magrupu. Grupu la kikoba, grupu la mtaa, grupu la familia, la tuliosoma pamoja, kila mtu ana la kwake na kila mtu kuna kitu kimemuumiza humo au kimemshangaza. Nimechagua sita, nimezifupisha kidogo, majina nimeyatoa. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa kirefu kwa sababu moja ina hela ya watu ndani na nyingine ilibaki kidogo iwe na maiti.

Dada shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu nipo Kimara, nauza chapati na maharage asubuhi. Grupu letu la kikoba tupo wanawake 140 na tunaaminiana sana. Wiki tatu zilizopita mwenzetu mmoja alileta mchongo, unaweka 50,000 baada ya siku 14 unapewa 90,000 ila lazima ulete watu watano. Nilikataa. Sasa wenzangu wanne, wanne kabisa dada na wote nawaheshimu, wamesema wamelipwa na wametuma mpaka skrinishoti za muamala. Hivi mi ndo mshamba au? Nikiendelea kungoja si nitabaki peke yangu?

Marahaba mdogo wangu. Hela yako usiweke, nalisema mwanzo kabisa ili hata mteja akikuita ukaishia hapa uwe umeshalipata. Na mshamba sio wewe, kilichokutikisa kinamtikisa kila binadamu na kuna watu wameshakipima.

Mwaka 2010 mtafiti mmoja wa Marekani, Damon Centola, alitoa utafiti kwenye jarida la Science. Alichukua watu zaidi ya 1,500 wasiojuana akawapa majirani wa mtandaoni, alafu akawapanga kwa namna mbili. Upande mmoja watu wameungana ovyo, mmoja huku mwingine kule. Upande wa pili wameungana kimtaa, yaani jirani yako na jirani yake nao ni majirani kama vile uswahilini kwetu ukuta kwa ukuta. Kisha akaleta huduma mpya ya mambo ya afya akaangalia nani atajiunga. Kwenye mpangilio wa kimtaa walijiunga kama asilimia 54, kule kwa ovyo kama 38. Kwa nini sasa? Kwa sababu ukisikia kitu kwa mtu mmoja unasema sawa nimesikia, ukisikia kwa wa pili unageuza shingo, wa tatu akisema unanyanyuka. Habari tupu inakufikia kwa mdomo mmoja tu inatosha, lakini kuamini mpaka mkono uingie mfukoni kunataka midomo kadhaa unayoijua. Na kikoba ndo mtaa wenyewe huo, wote mnajuana, mmeshazikana, mmeshachangiana harusi, kwa hiyo kikitua kitu pale kinakolea haraka kuliko sehemu yoyote.

Mtego upo hapa. Hao wanne wako wapigie simu mmoja mmoja, usiulize kwenye grupu, muulize tu kwa upole, mwenzangu we ulisikia kwa nani? Kama mambo yako kama ninavyoyaona kwenye meseji yako, wote watakurudisha kwa yule yule aliyeleta mchongo. Yaani una midomo minne ila kisima ni kimoja, na kama kisima kina sumu ndoo nne hazikwambii chochote ambacho ndoo moja haikukwambia. Ingekuwa mmoja wao kaenda kuuliza Benki Kuu kama hao watu wana leseni ya kupokea hela za watu, mwingine kaiona kwa macho biashara inayozalisha hiyo faida, wa tatu kakaa akapiga hesabu, hao sawa ningewahesabu watatu. Kwa sasa una mmoja aliyesemwa mara nne.

Skrinishoti ni za kweli, siwakatalii wenzako, wamelipwa. Kuwalipa wa mwanzo ndo tangazo lenyewe, na hela waliyolipwa imetoka kwa waliokuja nyuma yao. Chukua kalamu tupige wote. Aliyeanza analeta watano, kila mmoja analeta watano, hao 25 kila mmoja watano, endelea hivo hivo. Ukifika hatua ya 11 jumla ya watu walioingia ni 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kwa hiyo hatua kumi na moja tu nchi nzima imekwisha, pamoja na vichanga vilivyozaliwa jana Mwananyamala na mabibi walioko vijijini wasiojua hata kufungua simu, na wale wa hatua ya mwisho, ambao peke yao ni zaidi ya milioni 48, hawana wa kumleta na hela yao haina pa kutokea. Wengi siku zote wako chini huko.

Wakubwa wanakumbuka DECI, upatu wa namna hii hii. Watu walisema wamepanda mbegu wanasubiri kuvuna, na mbegu ile ilisambaa kwa watu wanaosali pamoja, maana viongozi wake walikuwa wachungaji, mpaka serikali ilipouzima ule upatu mwaka 2009. Walioingia hawakuwa wajinga hata kidogo, kulikuwa na walimu, wafanyakazi wa maofisini, watu wenye akili zao. Walimuamini aliyewaambia, na mara nyingi aliyewaambia alikuwa mtu mwema kweli. Ndo maana nakuomba yule mwenzenu aliyeleta mchongo usimfanye adui, huenda naye kaletewa na dada yake.

Kitu kingine ambacho naomba ukiangalie kwa makini, wamesema wanne katika 140. Hao 136 wako wapi? Wengine hawajaweka, wengine wameweka wanasubiri roho mkononi, na siku ikifika wakalizwa hawatakuja kwenye grupu kusema nimelizwa, kwa sababu ya aibu na kwa sababu kila mmoja kaleta watu watano wa kwake, mdogo wake, wifi yake, jirani yake. Anayelipwa anaposti, anayeumia ananyamaza, kwa hiyo anayesoma grupu anaona furaha tupu. Hilo ndo linaloniumiza mimi kuliko hesabu zote.

Cha kufanya, mfuate mwenyekiti wenu pembeni, umwombe kwenye kikao cha ana kwa ana aulize swali moja tu: hiyo 40,000 ya juu inazalishwa na biashara gani na ipo wapi tukaione? Na mfuko wa jamii wa kikoba usiguswe kabisa hata kwa kukopeshana kwa ajili hiyo. Alafu zile meseji za namba usizozijua za ile hela itume kwenye namba hii, usizijibu, zifowadi kwenda 15040, ndo namba TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, waliyoweka kwa ajili ya kuripoti utapeli.

Habari za kazi dada. Mi ni admini wa grupu la mtaa huku Tabata, tuko 300 na ushee. Mwezi uliopita usiku mama mmoja alituma voisi kwamba kuna Noah ya kijivu inateka watoto wanaotoka tuisheni. Nikaifowadi magrupu mawili kwa nia njema kabisa. Kesho yake kijana mmoja dereva alikuja kumchukua mtoto wa dada yake, watu wakamzingira na mawe mkononi, bila mjumbe kutokea wangemuua. Tangu siku hiyo silali vizuri. Voisi nimeifuta lakini inarudi tena kutoka kwa watu wengine. Nilikosea wapi na narekebishaje?

Pole sana kaka yangu, na ahsante kwa kuandika, maana wengi wangefuta wakakaa kimya.

Mwaka 1947 wasomi wawili wa saikolojia, Allport na Postman, waliandika kwamba nguvu ya uvumi ni umuhimu wake ukizidisha kwa utata wake. Kimoja kikiwa sifuri uvumi unakufa. Sa angalia yako, mtoto wa mtu, hakuna kitu muhimu kuliko hicho, na usiku, hakuna anayejua kilichotokea, utata umejaa mpaka juu. Hapo hata angekuwa profesa angefowadi. Wazee wetu wa pwani waliishi na hofu ya mumiani, wanyonya damu, na enzi za mkoloni hata watu wa zimamoto na magari yao walishukiwa. Gari linabadilika, hofu ni ile ile ya kumpoteza mtu wako.

Allport na Postman hao hao walipima pia nini kinapotea habari ikipita mdomo hadi mdomo. Walimwonyesha mtu picha amweleze wa pili, wa pili amweleze wa tatu, na baada ya watu watano sita hivi kama asilimia 70 ya maelezo yalikuwa yameshadondoka njiani. Kinachobaki ni kile kinachochoma. Voisi yenyewe haipungui ikifowadiwa, ila kila anayeisimulia kwa mdomo dukani au kwenye daladala anaipunguza, na vinavyodondoka mwanzo ni mtaa gani, tarehe gani, nani aliona. Inabaki Noah na mtoto. Na voisi isiyo na tarehe kila anayeisikiliza anaona ni jana, isiyo na mtaa kila anayeisikiliza anaona ni huku kwetu, ndo maana inarudi rudi, inaweza kuwa imeanzia mkoa mwingine kabisa na mwaka mwingine.

Alafu kuna hili la mwaka 2018, watafiti watatu wa chuo cha MIT cha Marekani, Vosoughi, Roy na Aral, walifuatilia habari kama 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu kama milioni 3 kuanzia mwaka 2006 mpaka 2017. Ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi ya kusambazwa kuliko ya kweli, na ya kweli ilichukua muda kama mara sita kuwafikia watu 1,500. Walipoondoa akaunti za mashine matokeo yakabaki vile vile. Ni sisi watu. Uongo unakuja mpya, unashtua, na mtu anapenda kuwa wa kwanza kuwaokoa wenzake. Ndo ulivofanya wewe, uliwapenda watu wako, na naamini kabisa hukuwa na ubaya, ila upendo ule ulipita bila mtu wa kuukagua.

WhatsApp wenyewe waliliona, mwaka 2019 wakaweka kikomo cha kufowadi kwa chati tano kwa mara moja, na Aprili 2020 ile iliyofowadiwa mara nyingi, yenye mishale miwili juu yake, ikawa inaenda chati moja moja, wakasema meseji za aina hiyo zikapungua kwa asilimia 70. Kwa hiyo ukiona mishale miwili maana yake aliyekutumia sio aliyeona, na aliyemtumia yeye pia sio aliyeona.

Kurekebisha sasa. Kufuta hakutoshi kaka, ukifuta umeondoa sauti yako tu, ya wenzako inaendelea. Marekebisho lazima yapite njia ile ile uvumi uliopita, magrupu yale yale mawili, na kwa voisi yako mwenyewe kwa sababu watu waliamini sauti yako. Anza na ukweli, usianze na Noah. Kuna majaribio ya mwaka 1977, watu walisomewa sentensi 60 kwa awamu tatu zilizopishana wiki mbili mbili, zile zilizorudiwa zikaonekana za kweli zaidi kwa kurudiwa tu, hata zile ambazo hazikuwa za kweli. Kwa hiyo ukisema Noah mara saba ili kuikanusha unaipigilia msumari. Nenda kwanza kituo cha polisi na mjumbe wako uulize kama kuna mtoto aliyeripotiwa kupotea, alafu useme hivi: mimi admini fulani, leo tarehe fulani, nimefika kituoni na mjumbe, tumeambiwa hivi, ile voisi niliituma mimi na sikuwa nimeihakiki, na kuna kijana asiye na kosa amenusurika kuuawa kwa ajili yake. Kisha nenda kwa yule kijana na dada yake, kwa miguu yako, ukaombe radhi. Akikubali kutajwa mtaje, akikataa muache, ameshaumizwa vya kutosha.

Kwenye grupu wekeni utaratibu kwamba tahadhari yoyote iwe na aliyeona kwa macho, sehemu, na saa. Ikikosa hata kimoja inakuja kwako na kwa mjumbe kwanza, haiwekwi. Dakika kumi za kungoja hazijamteka mtoto yeyote. Na uwaambie watu wako ukweli wa sheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha uongo akijua ni uongo kwa nia ya kupotosha, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. We hukujua, lakini atakayeituma tena baada ya tangazo lako atakuwa anajua.

Mambo dada, nipo Mbagala, nimemaliza chuo miaka miwili, sina kazi. Nina magrupu kumi ya michongo na washikaji wangu wa damu wako humo, hakuna kitu. Alafu juzi fundi wa friji ambaye nimeonana nae mara moja tu kwenye msiba kanipigia ananiambia kuna sehemu wanatafuta mtu. Inakuwaje mtu baki anisaidie kuliko masela?

Poa mdogo wangu, hongera kwanza. Masela wako hawajakutupa, ila wanajua unachokijua. Mnakaa kijiwe kimoja, mnasoma magrupu yale yale, tangazo likifika kwako limeshafika kwao. Yule fundi anatembea Masaki, Mbezi, Kigamboni, anaingia majiko ya watu usioweza kuwafikia, na anayoyasikia huko kijiweni kwenu hayajafika.

Mark Granovetter alilichunguza hili kwa watu wa mji wa Newton, Massachusetts, akaandika mwaka 1973. Katika waliopata kazi kupitia mtu, waliopata kwa mtu wanaeonana nae mara kwa mara walikuwa kama asilimia 17 tu. Wengine wote waliambiwa na watu wanaoonana nao mara moja moja au kwa nadra, mfanyakazi mwenza wa zamani, mtu wa darasa moja ambaye hawajasalimiana miaka.

Ila usikosee ukadhani masela hawana faida. Fundi kakuletea habari, lakini ukifika kule wakataka mtu wa kukudhamini, barua ya utambulisho, nauli ya wiki ya kwanza, fundi hatakuwepo, watakuwepo wao. Magrupu kumi ya michongo punguza, yote yanakopiana. Badala yake kila wiki wasalimie watu wawili ambao hamjaongea mwaka mzima, salamu tu ya heshima, uwaambie ulipo na unachotafuta.

Shikamoo dada. Baba yangu ni mstaafu, tupo Ukonga. Kila siku anatuma kwenye grupu la ukoo dawa za kisukari za majani na unga, na yeye mwenyewe ana kisukari. Kaka yangu alimpinga kwenye grupu mbele ya mashemeji, baba aka-lefti, hatujaongea vizuri mwezi wa pili huu. Naogopa ataacha dawa za kliniki.

Marahaba mwanangu. Kaka yako alikuwa sahihi kuhusu dawa, lakini mzee huwezi kumvua nguo mbele ya wakwe zake alafu utegemee asikie. Pale alikuwa hatetei tena unga, alikuwa anatetea heshima yake ya baba.

Kitu cha kwanza ni kaka yako amfuate nyumbani amwombe radhi kwa namna aliyosema, dawa asizitaje kabisa siku hiyo. Baada ya hapo tafuteni mtu wa rika lake, mzee mwenzake mwenye kisukari anayehudhuria kliniki na hali yake nzuri, aje kunywa kahawa. Baba anazo habari tele, anachokosa ni mtu wa kulingana naye anayefanya anachoambiwa na daktari.

Na siku mkikaa vizuri muulizeni kwa heshima kuhusu Loliondo, mwaka 2011, atakumbuka tu. Mchungaji Ambilikile Mwasapile pale Samunge, kikombe cha dawa ya mitishamba shilingi 500, foleni ya magari kilometa kwa kilometa, watu wanatoka mpaka nchi za jirani. Hakuna tangazo la biashara lililowapeleka wale watu, walipelekwa na mjomba wa jirani aliyesema fulani kapona. Wanaojisikia vizuri wanarudi wanasimulia stendi nzima. Ambaye hakupona anarudi kwake kimya, na aliyefariki hasimulii, kwa hiyo masikioni kwetu zilifika simulizi za upande mmoja. Grupu la dawa za majani liko hivyo hivyo, nimemwambia na mama wa Kimara hapo juu. Msimwambie baba atupe unga wake leo. Mwombeni jambo moja tu, dawa za kliniki asiache, na apime sukari kila wiki aandike kwenye daftari, na siku ya kliniki aende na lile daftari pamoja na unga wenyewe amwonyeshe daktari.

Dada, nina fremu ya vitenge Kariakoo. Kijana mmoja maarufu mwenye wafuasi laki sita anataka milioni moja na nusu kwa posti moja. Nilipe?

Mi nisingelipa. Wafuasi laki sita ni watu wanaomwangalia, swali ni wangapi kati yao humuuliza yeye kabla ya kununua kitenge cha sare. Katz na Lazarsfeld walitoa utafiti mwaka 1955 kuhusu wanawake kama 800 wa mji wa Decatur, Illinois, wakifuatilia ni nani aliwashawishi kwenye manunuzi, mitindo, sinema na siasa. Kwenye manunuzi ya nyumbani waliokuwa wanasikilizwa walikuwa akina mama wenye familia kubwa, wa hali ile ile ya maisha na majirani zao, ambao hakuna gazeti lingewapiga picha.

Wapo na kwako, na kuwapata ni rahisi. Scott Feld alionyesha mwaka 1991 kwamba kwa wastani rafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe, kwa sababu mwenye watu wengi anatajwa na wengi. Mwaka 2015 watafiti wakatoa matokeo ya kulitumia hilo kwenye vijiji 32 vya Honduras, walipokuwa wanasambaza vitamini, kwenye baadhi ya vijiji walimwomba mtu yeyote amtaje rafiki, wakaanza na yule aliyetajwa, na matokeo yakawa mazuri kuliko pale walipoanza na watu waliookotwa ovyo tu. We fanya hivi, mteja akinunua muulize, mama, ukitaka kuchagua sare za shughuli huwa unamuuliza nani? Andika jina. Baada ya miezi miwili utaona majina matano sita yanajirudia, na mara nyingi utakuta ni vijumbe wa mchezo, mafundi cherehani, wapishi wa shughuli. Milioni moja na nusu yako kata doti za vitenge uwape hao wavae, na bei uwape nzuri ya kudumu. Na rangi isichuje, maana atakayefua kitenge kikachuja atawaambia wale wale.

Dada nipo Mlimani mwaka wa pili. Ni kweli kila mtu duniani yuko mbali na mwenzake kwa watu sita?

Wazo hilo lilipata nguvu kwa mtafiti wa Marekani, Stanley Milgram, mwaka 1967. Yeye na mwenzake Travers wakatoa hesabu kamili mwaka 1969, watu 296, wengi wao wa Nebraska, walipewa bahasha ya kumfikishia dalali wa hisa anayefanya kazi Boston, kwa sharti kwamba kila mtu ampe tu anayemfahamu mwenyewe. Zilizofika zilipita kwa wastani watu watano na kidogo katikati, hapo ndo sita ikatokea. Ila wanaoisimulia huwa wanasahau kwamba zilizofika ni 64 tu. Zile 232 hazikushindwa kwa umbali, kuna mtu mahali fulani alizishika akaziweka kabatini.

Na kwenye zile zilizofika kuna jambo ambalo mwenzako wa Kariakoo hapo juu atalipenda. Bahasha 24 zilimfikia yule dalali nyumbani kwake, mji wa Sharon, na katika hizo 24, bahasha 16 zilipitia mkono wa mtu mmoja, muuza nguo wa mji huo.